Chapati zangu zimeinuliwa kwa VIDOLE VIWILI mbele ya basi zima

mama_wa_watatu:
Wakuu naandika nikiwa bado kwenye gari hapa hapa shuleni mikono inatetemeka, nikikosea herufi nisameheni.

Wenye watoto wa darasa la 6 huku Portland, Marekani, upande wa mashariki yule mama mnamjua, simtaji, yule wa filimbi shingoni anayejiita jina la mti, maana huko kambini kila kiongozi anajipa jina la msituni na la kwao wanaliacha nyumbani. Leo ndo watoto wanaondoka kwenda shule ya msituni, ile ya kila vuli majani yakianza kupukutika, wanalala huko, wanafundishwa udongo na miti na maji, wanapasua samaki aina ya samoni waone ndani kukoje. Na mimi siipingi jamani, toka 2016 wananchi wa Oregon walipopiga kura inalipiwa na hela za bahati nasibu ya jimbo, darasa la 5 au la 6 wanakaa porini hata wiki nzima, mimi sijatoa senti na nilifurahi kuliko mtoto mwenyewe.

Nimeamka saa kumi usiku nikasukuma chapati. Kumi. Zile za kukunja, ukiishika unaona inapumua. Nikafunga na foili nikaweka katikati ya soksi za sufu zisipoe.

Tumefika, manyunyu ya huku mnayajua. Yule mama anakagua mabegi mbele ya basi, wazazi tumepanga foleni kama tunasubiri mgao wa unga. Akafungua begi la mwanangu. Akatoa foili. AKAINUA CHAPATI KWA VIDOLE VIWILI. Gumba na cha shahada, juuu, kama mtu kaokota panya wa siku tatu, pua kaikunja, anamuuliza mtoto hiki ni kitu gani. Na mwanangu, huyu anayekula chapati nne akiwa amesimama, akaangalia viatu vyake akasema SIJUI.

Hajui! Chapati!

Sheria naijua, hakuna chakula kwenye kabini, kinaita panya na rakuni na hata dubu. Hizo zilikuwa za kula njiani. Angeniambia mama hizi haziruhusiwi ningezichukua yakaisha. Siongelei sheria, naongelea VIDOLE. Halafu hao hao wakifika huko watoto wanapewa koa wa njano kama ndizi mbivu wambusu, wengine mpaka wamlambe ulimi ufe ganzi, na wanapigiwa makofi! Koa anabebwa na kiganja kizima. Chapati yangu vidole viwili.

kunguru_wa_temeke:
Pole sana dada. Ila hizo chapati saa hizi ziko wapi?

mama_wa_watatu:
Siti ya mbele hapa, naziangalia nalia.

kunguru_wa_temeke:
Lia ukiangalia dirishani basi, zitalowa.

bwana_kiazi:
Mama nawe. Karatasi inasema usiweke chakula, umeweka kumi. Dubu akigonga saa nane usiku utamwambia samahani mzee hizi zilikuwa za kwenye basi?

mama_wa_watatu:
Wewe hukuwepo. Ungeviona vile vidole usingeandika hivyo. Mtoto wangu kasema HAJUI.

bint_pangani:
Mimi kilichoniuma ni hilo la mtoto. Huyo mama angenipata mimi angeila palepale na chai ningemtafutia.

msafiri_bremen:
Afadhali wako wa darasa la 6. Huku Ujerumani kuna chekechea za msituni, wangu ana miaka 4 anashinda nje mvua baridi kila kitu, kila jioni namkagua kupe nyuma ya masikio kama mbuzi wa biashara. Mwezi wa kumi ndo balaa, anarudi mifuko imejaa mbegu za mwaloni na chestnati, nimefua bila kukagua, mashine imekufa. Nani ananilipa mashine?

shemeji_wa_taifa:
Samahani, koa ndo nini?

kunguru_wa_temeke:
Konokono aliyefukuzwa na mwenye nyumba.

mzazi_kibaha:
Nyie wa ughaibuni mnalilia vya bure. Sisi tumechangishwa elfu 80 kila mtoto, ziara ya Mikumi. Si mnajua barabara ya Iringa imekata katikati ya hifadhi? Basi HALIKUINGIA GETINI. Limepita na lami, mwalimu anasema tazameni kulia tembo, tazameni kushoto swala, huko mbele wakageuza wakarudi. Hao tembo hata abiria wa Mbeya anawaona akiwa usingizini!

bint_pangani:
😂😂😂 Wa dada yangu walipelekwa msitu wa Pugu, vuli ikawashukia wakashinda ndani ya basi, jumatatu yake mwalimu wa sayansi akawachorea mti ubaoni.

shemeji_wa_taifa:
Mzazi hiyo shule si ile ya geti la kijani? Simo.

mzazi_kibaha:
Ndo hiyo hiyo mkuu.

mama_wa_watatu:
Jamani mbona mmehama? Vidole viwili! Wazazi zaidi ya thelathini wanaangalia!

shemeji_wa_taifa:
Tumekusikia mama, pole. Mzazi, kwenye hiyo elfu 80 chakula kilikuwemo?

mzazi_kibaha:
Andazi moja na juisi ya pakiti wawili wawili. Mrija mmoja.

msafiri_bremen:
Mrija MMOJA?

mzazi_kibaha:
Na basi lenyewe mlango umefungwa na kamba ya katani.