Wenye gemu wametuharibia tembo wa vita, tena kwa mara ya pili

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie. Gemu silitaji jina, wanaolicheza wataelewa: vita vya kale, Roma, Carthage, na wale wafalme waliogawana himaya ya Alexander. Sasisho limetoka, maelezo yanasema tembo "wamerekebishwa". Nimeingia, nikawapeleka tembo wangu katikati ya mstari, wakapokelewa na wapiga kombeo. Kombeo, jamani! Wameanguka kama maembe ya msimu kabla hawajagusa ngao hata moja.

Msianze na "mkuu, ulizoea mteremko". Hao tembo wa zamani niliwalalamikia humu humu. Mechi za mtandaoni zilikuwa ujinga mtupu. Ukifika mwisho wa kampeni hazina inafurika na huna cha kununua, kwa hiyo mtu anakuja na jeshi la tembo watupu, ukingo hadi ukingo wa ramani, anabonyeza shambulia na kwenda zake kuchemsha chai. Watu wakapiga kelele. Wenye gemu wakajibu vile wanavyojibu kila siku: wakapunguza uhai, wakapunguza nguvu, wakapandisha bei. Bei! Nani ana shida ya dhahabu zamu ya mia na kitu?

Kinachoniudhi ni kwamba dawa ipo bure, kwenye historia ile ile wanayodai wameifuata. Mimba ya tembo inakaa karibu miezi 22, na mtoto anahitaji miaka mingi mpaka afae kitu. Ndiyo maana wafalme wale hawakuwazalisha zizini, walikamatwa porini. Akina Ptolemy wa Misri walikuwa na mahasimu wao, ukoo wa Seleucus, wamekaa katikati ya njia ya India, kwenye tembo wengine. Ikabidi watume wawindaji kusini, pwani ya Bahari ya Shamu, huko Sudan na Eritrea ya leo, wakajenga na bandari kwa ajili hiyo, Ptolemais Theron, na meli za kubebea wanyama. Baada ya gharama zote hizo, vita vya Raphia mwaka 217 KK wakatokea na tembo 73 dhidi ya 102 wa Antiochus III, mfalme wa ukoo huo wa Seleucus. Na wengi kati ya hao 73 wakagoma kuwasogelea wenzao wa India! Halafu Ptolemy akashinda hata hivyo, kwa askari wa miguu. Hebu niambieni, ni lini mliona mechi ya namna hiyo kwenye hili gemu?

Sisi huku unajenga zizi kaskazini mwa Italia, kwenye theluji, na kila zamu kikosi kinatoka. Hannibal, jemadari wa Carthage, alianza kuvuka milima ya Alps kuingia Italia mwaka 218 KK akiwa na tembo 37, na baridi iliyofuata ikawaua karibu wote. Hakuwa na kitufe cha kujaza kikosi.

Halafu kuna hofu, ambayo kwenye gemu ni kaalama kadogo tu juu ya kichwa, kisha mnyama anatoka uwanjani kistaarabu. Kwenye vita vya Zama dhidi ya Warumi, mwaka 202 KK, Hannibal alikuwa na tembo kama 80. Tarumbeta za Warumi zikawatisha baadhi yao, wakageuka na kuwavuruga wapanda farasi wa upande wake mwenyewe. Wengine wakapita kwenye vichochoro ambavyo Scipio, jemadari wa Warumi, aliviacha makusudi kati ya vikosi vyake. Miaka mitano kabla, kwenye vita vya mto Metaurus huko Italia, Livy, mwanahistoria wa Kirumi, anaandika kwamba waongoza tembo walikuwa na patasi na nyundo: mnyama akichanganyikiwa na kuwageukia watu wake, patasi inawekwa pale shingo inapoungana na kichwa, inagongwa, kwisha. Wekeni kitufe hicho! Tembo uliyemhangaikia nusu ya kampeni anarudi mbio kwenye mstari wako, na una sekunde chache za kuamua: unamuua, au unamwacha akanyage watu wako? Hapo hata nguvu mkiiongeza mara mbili sitalalamika, kwa sababu mwenye tembo atakuwa anatetemeka kuliko anayewangoja.

Kwa hiyo rudisheni nguvu yao. Wapatikane kwenye majimbo machache tu, aliyekufa asijazwe, na hofu iwe hofu kweli. Wale wapanda farasi wa deraya nzito nao naona zamu yao ya kukatwa inakuja, lakini huo ni uzi mwingine.

Atakuja mtu hapa kusema watu wanataka burudani, hawataki somo la historia. Mkuu, burudani gani ya kumtazama tembo akiuawa na kokoto?

Wenyewe nimewaandikia, wamenijibu kwa ule ujumbe wa mashine wa "asante kwa maoni yako". Mwenye kujua namna ya kurudi kwenye toleo la zamani bila kupoteza kampeni aweke hatua hapa chini, na asinitumie inbox, wengine nao wanahitaji.