Tupeane uzoefu: kozi za dharura na ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) tunazosoma kwa simu, na hesabu za kitandani

Muuguzi wa kazualti, Nakuru (mwanzilishi)

Wadau wa kazualti (chumba cha dharura), ICU na ambulansi, hamjambo. Wengi wetu, kuanzia Nakuru na Kericho hadi Kisumu na Kakamega, tunasoma kozi za dharura mtandaoni kati ya zamu na zamu. Mpangilio zinaufundisha vizuri: njia ya hewa, pumzi, mzunguko wa damu, fahamu, kisha unamvua mgonjwa nguo na kumkagua mwili mzima. Zinapotuacha ni kwenye hesabu. Video inasema "anzisha adrenalini kwa pampu", yaani dawa ya kuinua presha iingizwe mshipani kwa mashine, na wodini pampu ni moja, tena iko kwa mgonjwa mwingine. Inasema "mpe oksijeni", haisemi silinda iliyo pale mlangoni itakwisha saa ngapi.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43(2), inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mikononi mwetu haki hiyo inakuwa lita, matone na ampuli. Kwa hiyo naomba tulete hesabu na mbinu, si visa vya wagonjwa. Usitaje hospitali, usiweke picha ya faili. Na dozi yoyote itakayoandikwa hapa uilinganishe na mwongozo wa kituo chako kabla hujavuta sindano.

Mhudumu wa ambulansi, Kericho

Niingie na oksijeni ya njiani. Silinda ya saizi E ikijaa ina lita 680. Mshale ukiwa nusu, zimebaki 340. Mgonjwa aliye kwenye barakoa yenye mfuko, lita 10 kwa dakika, anazimaliza kwa dakika 34. Kericho hadi Kisumu ni kama kilomita 80. Mimi huhesabu dakika 90 kwa sababu ya malori na matuta, halafu naongeza nusu ya muda huo iwe akiba. Dakika 135 mara lita 10 ni lita 1,350. Hizo ni silinda mbili za E zilizojaa kabisa. Ukiondoka na moja na nusu, akiba yako ni dakika 12 tu.

Kabla ya kufunga regyuleta (kifaa cha kupunguza shinikizo la gesi), fungua valvu kidogo kwa sekunde moja ili vumbi litoke, uso ukiwa pembeni. Kisha tazama ile pete ndogo ya mpira yenye ukingo wa chuma inayokaa kati ya regyuleta na silinda. Ikichanika au ikipotea utasikia mluzi, na gesi inaishia hewani. Usiizibe kwa plasta. Pete mbili za akiba zifunge kwa uzi kwenye regyuleta yenyewe, maana zikiwekwa kwenye droo hazionekani tena. Mikono isiwe na mafuta wala vaselini. Oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta, moto unaweza kuwaka.

Kosa lingine ni kushusha barakoa ya mfuko hadi lita 5 ili silinda idumu. Mfuko unabonyea na mgonjwa anarudi kuvuta hewa aliyoitoa mwenyewe. Ukitaka kuokoa gesi, mjaribu kwenye neli za pua, lita 1 hadi 5, macho yakiwa kwenye oksimita, kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu. Akitulia kwenye asilimia 94, barakoa haikuhitajika. Oksimita nayo hudanganywa na vidole baridi, na hina au rangi ya kucha. Pasha kidole joto, au bana sikio ikiwa kibanio chako ni cha kufaa sikio.

Afisa wa kliniki, Kisumu

Hesabu hiyo hiyo ya wodini. Silinda kubwa ya J ina lita 6,800. Wagonjwa wawili, kila mmoja lita 10, ni lita 20 kwa dakika, kwa hiyo inadumu dakika 340. Ukiifungua saa 12 jioni zamu inapoanza, imekwisha kabla ya saa 6 usiku. Mtu wa stoo aambiwe wakati wa kupokezana zamu, si saa 5 usiku mshale ukiwa kwenye nyekundu.

Muuguzi wa ICU, Kisumu

Asante, daktari. Mimi nitakaa kwenye adrenalini bila pampu, kwa sababu hapa ndipo watu waliofaulu mtihani kwa alama 90 wanakwama.

Chukua ampuli ya miligramu 1, itie kwenye mililita 100 za salaini. Kila mililita sasa ina mikrogramu 10. Tumia bureti ya watoto, ile inayotoa matone 60 kwa mililita. Uzuri wake ni kwamba matone kwa dakika ni sawa na mililita kwa saa, hutafuti kikokotoo. Mgonjwa wa kilo 60 akianza kwa mikrogramu 0.1 kwa kilo kwa dakika anahitaji mikrogramu 6 kila dakika, yaani mililita 0.6, yaani matone 36. Kwa mwendo huo mililita 100 zinakwisha baada ya muda wa saa 2 na dakika 45 hivi. Chupa ya pili ichanganywe na kuandikwa lebo muda wa saa 2 ukifika. Ukingoja ya kwanza ikauke, presha itaanguka huku bado unavunja ampuli.

Yanayoharibika ni haya. Kitanda kikiinuliwa au kushushwa, matone yanabadilika, hivyo hesabu upya kila unapomgeuza mgonjwa. Kiwiko kikikunjwa, dawa inasimama. Mkono ukinyooshwa, inaingia kwa kishindo. Kitambaa cha presha kikifungwa kwenye mkono wenye dripu hiyo ni balaa la namna hiyo hiyo: kikijaa kinazuia dawa, kikilegea kinaiachilia yote kwa mara moja, na unachokisoma kwenye monita si presha ya kweli ya mgonjwa. Presha ipimwe mkono wa pili. Kanula (mrija mdogo wa mshipani) iwe kwenye mshipa mkubwa wa kigasha, si nyuma ya kiganja. Ngozi inayoizunguka ikigeuka nyeupe na baridi, dawa inavuja nje ya mshipa. Hamisha mara moja.

Hesabu matone kwa sekunde 60 kamili. Ukihesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4, kosa la tone moja linakuwa matone manne.

Mwanafunzi wa uuguzi, Kakamega

Shikamoo sista. Na bureti ikikosekana?

Muuguzi wa ICU, Kisumu

Marahaba. Seti ya kawaida kwa kawaida hutoa matone 20 kwa mililita (soma pakiti, zipo za 15). Ukiitumia na mchanganyiko wangu wa kwanza ni matone 12 tu kwa dakika, na kila tone unaloongeza ni kipimo kikubwa. Punguza ukali: miligramu 1 ndani ya mililita 500, kila mililita ina mikrogramu 2. Mgonjwa yule yule sasa anahitaji mililita 3 kwa dakika, matone 60, ambayo ni rahisi kuyarekebisha. Gharama yake ni maji: mililita 180 kila saa. Sikiliza mapafu, na bureti ikipatikana rudi kwenye mililita 100.

Afisa wa kliniki, Bungoma

Kwetu sumu ya dawa za wadudu za shambani ni tatizo la kila msimu, kwa hiyo niseme kuhusu atropini, dawa inayokausha majimaji ambayo sumu hiyo huyajaza kifuani. Kozi zinasema "ongeza maradufu kila dakika 5 hadi mapafu yakauke". Sasa fanya hesabu ya stoo. Ukianza na miligramu 2, kisha 4, kisha 8, kisha 16, kufikia dakika ya 15 umetumia miligramu 30. Ampuli zako zikiwa za miligramu 1 ni 30. Zikiwa za 0.6 ni 50. Trei ya dharura yenye ampuli 10 inakwisha kabla mgonjwa hajakauka. Soma maandishi ya ampuli, kwa sababu saizi hizi mbili zinafanana sana kwenye mwanga hafifu.

Lengo ni kifua kisicho na mlio wa majimaji, mapigo ya moyo zaidi ya 80, presha ya juu zaidi ya 80. Moyo kwenda mbio si sababu ya kukataa dozi inayofuata ikiwa kifua bado kimejaa maji. Wengi husimama hapo kwa hofu. Vilevile usingoje mboni zipanuke, zinachelewa. Akishakauka, kila saa anahitaji dripu ya asilimia 10 hadi 20 ya jumla uliyotumia kumkausha. Kwa miligramu 30 hiyo ni miligramu 3 hadi 6 kwa saa. Akianza kuweweseka, joto likapanda na tumbo likanyamaza, atropini imezidi: simamisha dripu, kisha anza tena kwa kiwango cha chini.

Na kabla ya yote hayo, glavu, madirisha wazi, nguo zote zitoke ziingie kwenye mfuko uliofungwa, mwili uoshwe kwa sabuni na maji mengi hadi kwenye nywele.

Daktari wa watoto, Kisumu

Malaria kali, kwa ufupi. Chupa ya artesuneti (dawa ya sindano ya malaria kali) ya miligramu 60: tia mililita 1 ya bikabonati iliyokuja nayo kwenye boksi, tikisa hadi iwe angavu kabisa, ongeza mililita 5 za salaini. Una mililita 6, kila moja miligramu 10, na uitumie ndani ya saa moja. Mtoto wa chini ya kilo 20 anapata miligramu 3 kwa kilo, kuanzia kilo 20 ni 2.4. Mtoto wa kilo 14 ni miligramu 42, sawa na mililita 4.2, polepole mshipani. Kisha baada ya saa 12, saa 24, halafu mara moja kwa siku hadi aweze kumeza. Dozi tatu za sindano ni lazima hata akiamka na kuomba uji, kisha amalize vidonge.

Pima sukari unapoweka kanula. Ikiwa chini, deksitrosi (maji ya sukari ya mshipani) ya asilimia 10, mililita 5 kwa kilo. Kwa huyu ni 70. Ukiwa na ya asilimia 50 tu, vuta mililita 14, ongeza 56 za maji ya sindano.

Kuhusu maji ya haraka, hapa nataka nisikike. Kozi nyingi za Ulaya na Marekani zinafundisha kummiminia mtoto mwenye homa na mikono baridi mililita 20 kwa kilo papo hapo. Utafiti wa FEAST, uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto 3,141 na kuchapishwa 2011, ulionyesha kwamba watoto wa aina hiyo waliomiminiwa maji walikufa zaidi ndani ya saa 48: karibu 11 kwa 100, dhidi ya 7 kwa wale ambao hawakumiminiwa. Haukuwahusu wenye kuhara, walioungua wala waliojeruhiwa. Wa kuhara ana ratiba yake. Ukijibu mtihani wa kozi, jibu walivyofundisha ikibidi. Ukiwa kitandani fuata mwongozo wa watoto wa Kenya.

Muuguzi wa kazualti, Nakuru (mwanzilishi)

Daktari, hilo la mwisho ndilo hasa lililonifanya nianzishe uzi huu. Niongeze la masomo yenyewe.

Madarasa ya moja kwa moja kutoka London yanatuponyoka kwa sababu ya saa. Darasa la saa 8 mchana kwao ni saa 10 jioni kwetu wakati wa kiangazi chao, na saa 11 jioni kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi Jumapili ya mwisho ya Machi. Saa 11 jioni anayeingia zamu ya usiku yuko ndani ya matatu. Weka simu ikukumbushe kwa majira ya London, itajibadilisha yenyewe. Video zipakue mahali penye Wi-Fi kwa ubora wa 360. Maandishi ya slaidi bado yanasomeka na bando linabaki.

Anayeanza kabisa atafute kozi ya msingi ya dharura ya Shirika la Afya Duniani na Msalaba Mwekundu wa Kimataifa, ya 2018. Kitabu chake ni bure, na imejengwa juu ya mambo manne: shida ya kupumua, mshtuko wa mzunguko wa damu, fahamu kubadilika, na majeraha. Lakini mazoezi ya mikono hayapatikani kwenye skrini. Kabla ya kulipia cheti chochote, uliza baraza lako la taaluma kama pointi zake zinahesabiwa.

Muuguzi wa ICU, Nakuru

La ventileta (mashine ya kupumulia). Usiweke ujazo wa pumzi kwa kilo za mgonjwa, weka kwa urefu. Mpime kwa utepe akiwa amelala, utosini hadi kisiginoni. Mwanamke: 45.5 jumlisha 0.91 mara (urefu kutoa 152.4). Mwanamume anza na 50. Mama wa sentimita 160 anapata uzito wa makadirio wa kilo 52.4, mara mililita 6 kwa kilo ni mililita 314. Akiwa na uzito wa kilo 85 ukatumia hizo, umempa 510, na mapafu yanaumizwa kimyakimya.

Kengele ya shinikizo ikilia na oksijeni inashuka, mchomoe kwenye mashine, mpe pumzi kwa ambu (mfuko wa kupumulisha kwa mkono) iliyounganishwa na oksijeni. Ikiingia kwa urahisi, shida ni mashine au neli zake. Ikiwa ngumu, tafuta bomba lililoziba au kusogea, kisha upande wa kifua usiopanda.

Stima hupotea, kwa hiyo kila kitanda kiwe na ambu yake. Na uikague mwanzo wa zamu: ziba tundu la mgonjwa kwa kiganja, kisha bonyeza. Mfuko ukikataa kubonyea, iko sawa. Ukibonyea kama puto lililotoboka, valvu ilirudishwa vibaya baada ya kuoshwa; ifungue, kiwambo cha mpira kilale sawa, ijaribu tena.