Taa za usiku kwenye boti ya tanga ya futi 24: nichague zipi, na swichi nizifungeje?

Tanga_Dom
Wakuu, habari za jioni. Natengeneza boti ya tanga ya futi 24 hapa Dodoma. Itavutwa kwa trela hadi Bwawa la Mtera, na baadaye Bagamoyo. Mlingoti ni wa alumini, mita 9, na unalazwa wakati wa kusafirisha. Mashine ni ya kupachika nyuma, betri volti 12. Nimeshauriwa nifunge taa moja ya rangi tatu juu ya mlingoti, basi. Inatosha? Na swichi nizipangeje nisije nikawasha taa zinazopingana?

OmoNaTezi
Haitoshi, mkuu. Taa ya rangi tatu (nyekundu kushoto, kijani kulia, nyeupe nyuma) ni ya chombo cha chini ya mita 20 kinachokwenda kwa tanga peke yake. Ukitia mashine gia, hata kama tanga limepandishwa, sheria za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia migongano baharini zinakuhesabu chombo cha mashine. Hapo nyeupe ya mbele inatakiwa iwe juu ya nyekundu na kijani, kwa boti yako angalau mita 1. Taa za rangi zikikaa kileleni, hiyo nyeupe utaiweka wapi? Utalazimika kununua seti nyingine ya chini.

Kwa kuwa uko chini ya mita 12, funga hivi: taa ya rangi mbili (nyekundu na kijani) omoni, yaani mbele ya boti, nyeupe ya nyuma tezini, yaani nyuma ya boti, na nyeupe ya nyuzi 360, inayomulika pande zote, kileleni mwa mlingoti. Kwa tanga unawasha omo na tezi. Kwa mashine, omo na kilele. Tezi uizime, la sivyo anayekuja nyuma ataona nyeupe mbili, moja juu ya nyingine, asielewe wewe ni nani. Ukitia nanga, kilele peke yake.

Taa za rangi ununue zinazoonekana maili 1 ya baharini, nyeupe maili 2. Kila rangi inamulika nyuzi 112.5 kuanzia mbele kabisa, na tezi 135, kwa hiyo angalia tanga la mbele lisizibe ile ya omoni. Nafuu ya kubaki na tochi tu ni ya boti za tanga za chini ya mita 7; futi 24 ni mita 7.3, umeshapita. Mtera ni maji ya ndani, kwa hiyo waulize TASAC (shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini Tanzania) masharti ya huko kabla hujatoboa mashimo.

FundiWaya
Mpango huo hauhitaji swichi nyingi. Tafuta ya miguu 6 (sehemu za kuunganishia waya, safu mbili za tatu tatu), yenye kuzima katikati na kuwasha pande zote mbili. Moto kutoka kwenye fyuzi ya ampea 5 uingize kwenye miguu miwili ya kati. Safu ya kwanza, mguu wa juu na wa chini uunganishe pamoja, waya mmoja uende omoni. Safu ya pili, mguu mmoja uende tezini, wa pili kileleni. Kwa nanga weka swichi ndogo ya pembeni inayopeleka moto kileleni moja kwa moja.

Usijaribu kubana matumizi kwa swichi ya miguu 3. Omo italazimika kuunganishwa na tezi na kilele kwa pamoja, na taa zote tatu zitawaka kila upande utakaobonyeza. Halafu pima kwa mita kabla ya kubandika maandishi: swichi nyingi za kijiti, ukikisukuma juu zinaunganisha miguu ya chini.

Tanga_Dom
Asanteni sana. Waya wa milimita za mraba 1.5 unafaa kupanda mlingotini? Na naweza kutia balbu nyeupe ya LED kwenye taa ya zamani?

FundiWaya
Kwa LED ya wati 2 au 3, 1.5 inatosha kabisa. Kwa balbu ya zamani ya wati 25 ungepoteza karibu nusu volti kwenye mita 10 za kwenda na 10 za kurudi, hivyo ungehitaji 2.5. Hasi nayo iwe na waya wake hadi kwenye betri; ukitumia alumini ya mlingoti kama waya, italiwa na kutu.

LED nyeupe nyuma ya kioo cha kijani hutoa rangi iliyopotoka, na mpaka kati ya nyekundu na kijani unafifia. Nunua taa nzima iliyotengenezwa kwa LED. Ukishaifunga, fungulia redio ya VHF chaneli tulivu, kisha washa taa: ikianza kukwaruza, taa hiyo irudishe dukani.

Sehemu itakayokusumbua zaidi ni plagi ya chini ya mlingoti. Vumbi la njiani litaingia na mtikisiko wa trela utalegeza tamino (vichwa vya chuma vya kuunganishia waya). Bana tamino kwa koleo lake, funika kwa mpira unaosinyaa kwa moto, paka grisi ya umeme, na plagi uivalishe kifuniko kila unapoulaza mlingoti.