MREJESHO: Mashine ya kadi dukani kwangu Mji Mkongwe
Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kama kaduka ka vikoi na viungo hapa Mji Mkongwe kanahitaji mashine ya kadi. Nimeichukua. Benki inanikata asilimia 3 kila muamala, hela inaingia kesho yake. Ya Ijumaa naisubiri hadi Jumatatu, na hapo ndipo panapouma.

Juzi mama mmoja wa Kijerumani kachagua vikoi vinne, kagusisha kadi, mtandao ukakata. Mashine ikasema imekataa, kumbe kwake pesa imeshatoka! Nikamkalisha na chai ya tangawizi, jasho linanitoka mimi. Robo saa hivi ikamrudia, akalipa upya.

Sasa nimetia laini ya mtandao mwingine. Na uliyenikataza kuwabambikia wateja yale makato, nimekusikia.