Tupeane uzoefu: kulipia ili ukajitolee nje ya nchi, kuna faida?

Zabibu Chungu (mleta mada)
Mbukwenyi wakuu. Binti wa dada yangu kamaliza UDOM, na kuna taasisi ya Ulaya imemkubali aende Costa Rica wiki kadhaa kutunza msitu na kujenga mradi wa maji kijijini. Sasa kizungumkuti: anajitolea yeye, na anayelipa ni yeye. Ada inazidi paundi elfu mbili, tiketi na viza mbali. Shemeji anataka kuuza kiwanja cha Ihumwa. Nimemwomba asubiri kidogo. Waliowahi kwenda, au waliowahi kuwapokea wanaokuja kwetu kwa mtindo huo, semeni mliyoyaona. Nadharia siitaki.

Fundi Pima Maji
Mimi niliwapokea, huku Kongwa. Walikuja vijana wa Kiingereza kujenga vyoo vya shule, nami nikawa fundi wao. Nisiwasingizie: wanajituma. Alfajiri wako saiti, wanabeba mawe, ugali na mlenda wanakula bila kununa. Ila tofali hawajui kupanga. Kuna ukuta walikuwa wakiupandisha mchana, jioni wakirudi kambini naubomoa kozi mbili nazipanga upya. Hawakujua, na sikuona sababu ya kuwaambia.

Siku moja nikamuuliza mmoja amelipa kiasi gani. Aliponitajia nikapiga hesabu: ada za kundi lile zingeajiri mafundi wa kata nzima na saruji ikabaki. Nikamwambia. Akajibu kwamba asingekuja yeye, hiyo hela isingefika Kongwa, angeimalizia likizo Uhispania. Hapo alinifunga mdomo kidogo.

Vyoo vipo, watoto wanavitumia. Koki za kunawia ziliharibika, na kwenye bajeti yao hakukuwa na mtu wa kuzitengeneza wakishaondoka. Mpwa wako akienda atakuwa saidia fundi anayelipia kuwa saidia fundi. Akitaka ujenzi aje kwangu, mimi nitamlipa.

Kavulata
Fundi umeua 😂

Binti Kondoa
Nimeenda Ujerumani bila kuuza hata kuku. Unaitwa weltwärts, mpango wa serikali yao. Ulianza 2008 kwa kupeleka vijana wao nje, na tangu 2013 unapokea pia vijana kutoka nchi kama yetu. Tiketi, bima, malazi na posho juu yao. Mimi niligharamia pasipoti, nauli za Dar na kozi ya Kijerumani ya kuanzia.

Nilipangiwa nyumba ya wazee. Miezi ya mwanzo nililia sana: baridi, giza saa kumi jioni, na bibi mmoja aliyekataa nisimguse. Baadaye bibi huyohuyo ndiye alinifundisha lugha kuliko darasa. Nilirudi naongea Kijerumani cha kueleweka, na kwa lugha hiyo nikapata nafasi ya kusomea uuguzi kulekule. Kujitolea kwenyewe hakukunipa kazi, lugha ndiyo iliyonipa. Mleta mada, wiki chache Costa Rica zitamwachia nini mkononi?

Mwalimu Mstaafu, Mpwapwa
Nilifundishwa hesabu na kijana wa Peace Corps, mpango wa Marekani wa kupeleka watu wa kujitolea nje. Mpango ule ulianza 1961 na Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kupokea. Hawakulipa ada, serikali yao iliwapa posho ya kujikimu, nao walikaa miaka miwili. Yule wetu hadi anaondoka alikuwa anatania kwa Kiswahili sokoni. Muda ndio unaotofautisha.

Mama Wawili, Area D
Niongeze upande wa watoto. Nilifanya kazi kituo kimoja cha yatima, wageni wa kulipia wanapishana. Mtoto anamzoea huyu, anamwita mama, mwezi ukiisha kaondoka, anakuja mwingine. Wapo walioacha kabisa kumkaribia mtu. Mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitaja wazi madhara ya kujitolea na utalii wa vituo vya yatima. Mpwa wako akibadilishiwa mradi akaambiwa ni yatima, akatae.

Mjanja wa Nkuhungu
UN Volunteers, mpango wa kujitolea wa Umoja wa Mataifa, hawatozi hata senti, wao ndio wanaokupa posho. Mdogo wangu aliombwa "ada ya usajili" kwa jina lao, atume kwenye namba ya simu ya mtu. Alipotuma, namba ikazimwa. Na hata taasisi halali, soma masharti ya kurudishiwa pesa: Raleigh International, jina kubwa kabisa kwenye hizi safari, liliingia kwenye ufilisi 2022.

Zabibu Chungu (mleta mada)
Nimemsomea shemeji yote, kanyamaza. Binti yeye kauliza jambo moja tu: huo wa Ujerumani mwisho umri wa miaka mingapi?

Binti Kondoa
18 hadi 28. Aanze Kijerumani sasa hivi, asisubiri kuitwa.

Kavulata
Mimi nina 34. Fundi, saidia fundi unalipa kiasi gani kwa siku?