Wenye vipara wa Dodoma tupeane uzoefu: kwako ilianzaje?

Mtumishi wa Mtumba
Habari za jioni wakuu. Nina miaka 36. Nilihamia Dodoma 2019 na nywele zangu kamili, nikapanga Kisasa. Mwaka wa pili panja zikaanza kurudi nyuma, wa nne utosini pakawa peupe. Kila niliyemuuliza jibu lilikuwa moja: maji ya huku yana chumvi. Basi nikawa naosha kichwa kwa maji ya kunywa ya dumu, mke wangu ananitazama tu. Nikaongeza na maji ya kitunguu, ofisini wakahamisha viti.

Kilichonifumbua macho ni msiba. Mdogo wangu anaishi Ukerewe, anaoga maji ya ziwa, Dodoma hajawahi kukanyaga. Akavua kofia makaburini: kipara kile kile, mipaka ile ile. Nikageuka kumtazama baba mdogo. Nikachoka. Maji ya Dodoma tumeyasingizia.

Leteni yenu, ila ya kweli. Wauza mafuta ya miujiza mpite kimya kimya.

Boda Nkuhungu
Mimi nasingizia helmeti na sitaacha.

Kinyozi Majengo
Niko kwenye mashine mwaka wa 14. Upara wa kurithi naujua mteja akiwa bado mlangoni: panja, kisha utosi, pembeni na kisogoni zinabaki. Daktari mmoja ninayemnyoa alinieleza kwamba mwili hugeuza sehemu ya homoni ya testosteroni kuwa nyingine, DHT. Aliyerithi, mashina yake ya mbele na utosini hayapatani nayo; kila nywele ikiota upya inakuja nyembamba na fupi zaidi, mwisho unabaki na vinyweleo tu. Na ile ya vijiweni kwamba upara unatoka kwa wajomba, si kweli yote. Upande wa baba nao umo.

Ila huo haunisumbui. Wanaoniumiza kichwa ni vijana wenye vipele kisogoni wanaotaka nipitishe wembe "vikauke". Nywele zetu zimejikunja, ukizikata chini kabisa ngozi inazidi kuchokozeka. Vikiachwa vinageuka makovu magumu, na penye kovu nywele haioti tena. Mtu huyo simshushi hadi chini, namwachia kidogo, namwelekeza kwa daktari wa ngozi. Wengine wananuna, wanavuka barabara kwa jirani yangu. Sawa tu.

Mjukuu wa Kongwa
Niliamka nikakuta duara nyuma ya sikio, kama sarafu ya mia mbili, laini utadhani limenyolewa. Bibi akasema wachawi wamepita usiku. Mbuzi akachinjwa wakuu. Likaja la pili, kwenye ndevu.

Hospitali wakaniambia si mapunye, hakuna magamba. Ni kinga ya mwili wangu mwenyewe inashambulia mashina ya nywele. Nikachomwa visindano vya steroidi pale pale kwenye duara, nikarudia baada ya wiki kadhaa. Zikaota, mwanzoni nyeupe kama za babu, baadaye nyeusi. Daktari alisema wakati mwingine zinarudi zenyewe. Bibi anasema ni mbuzi.

Area C
Mimi natumia minoxidil, dawa ya kuotesha nywele, ya asilimia 5, napaka asubuhi na usiku. Wiki za mwanzo zilidondoka kuliko kabla, nikataka kutupa chupa, mfamasia akaniambia nivumilie. Mwezi wa tano utosi ukaanza kufunika. Panja hola. Nikaenda likizo Singida, chupa nikaiacha, nikazembea nusu mwaka. Yote yakaondoka. Ni kama kodi ya nyumba, ukiacha kulipa unatolewa vyombo nje.

Dawa hiyo ilianza kama kidonge cha presha, wagonjwa wakaonekana wanaota nywele. Kwa hiyo mwenye shida ya moyo aulize kwanza.

Mzee wa Makole
Shikamoo hamjanipa, naandika hivyo hivyo. Nina miaka 67. Nilipewa finasteride ya miligramu 5 kwa ajili ya tezi dume. Mfamasia akacheka, akasema vijana wanameza hiyo hiyo kwa miligramu 1 kuzuia upara, maana inapunguza hiyo DHT aliyoitaja kinyozi. Msikimbilie. Baadhi hupungukiwa hamu ya tendo la ndoa. Tena hushusha PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, kama nusu, kwa hiyo ukipima tezi dume bila kusema unaimeza, daktari atasoma namba ya uongo. Na mama mjamzito asishike kidonge kilichovunjika.

Zangu? Hazijarudi. Nimechelewa miaka 30.

Boda Nkuhungu
Shikamoo mzee. Baba yangu naye ana kipara, sasa ndio naanza kuelewa. Ila helmeti bado.

Mtumishi wa Mtumba
Shikamoo mzee wetu, utusamehe. Kinyozi, Jumamosi asubuhi nakuja, shusha zote. Kisogoni sina vipele, nimeshapapasa.