Takwimu za sensa kwa duka la chakula cha kuku, Arua: nianzie wapi?

Binti_Ayivu:
Habari zenu ndugu. Nataka kufungua duka la chakula cha kuku hapa Arua, upande wa Ayivu. Chama chetu cha akiba kiko tayari kunikopesha, ila mweka hazina anataka aone kwenye karatasi wateja ni wangapi na maduka ya namna hiyo ni mangapi. Nimeingia tovuti ya UBOS, ofisi ya takwimu ya Uganda. Sensa ya 2014 inaipa wilaya ya Arua watu 782,077, ile ya 2024 inaipa wachache mno. Watu wamekwenda wapi? Na biashara nazo zinahesabiwa?

Karani_Mstaafu:
Dada, watu wapo, mipaka ndiyo iliyohama. Arua ya 2014 ilikuwa na Ayivu, Vurra, Terego na Madi-Okollo ndani yake. Madi-Okollo ikawa wilaya 2019, Terego 2020, na mwaka huohuo Arua mjini ikawa jiji na kuichukua Ayivu. Ukilinganisha jina la wilaya na jina la wilaya utapotea. Shuka hadi gombolola (sehemu za wilaya) na muluka (sehemu ndogo ndani ya gombolola), chukua zile zilizo ndani ya jiji leo, ujumlishe mwenyewe kwa miaka yote miwili. Ni kazi ya jioni nzima, lakini usiiruke. Nimeona maombi ya fedha yaliyoandikwa kwamba "Arua imepungua", na inaniuma, maana kwa hesabu ya namna hiyo mtaa uliojaa watoto unaweza kukosa hata kisima.

Tena tumia ripoti ya mwisho. Matokeo ya awali ya Juni 2024 yaliipa nchi watu 45,935,046. Ya mwisho ni 45,905,417. Mweka hazina makini akikuta tarakimu mbili tofauti kwenye karatasi zako atakurudisha nyumbani.

Duka_la_Mpakani:
Kuhusu biashara: ipo sensa ya 2010/11, ilikuta biashara 458,106 nchi nzima, na zaidi ya asilimia 90 zilikuwa na wafanyakazi wasiofika watano. Ilihesabu zenye mahali maalumu tu, kwa hiyo wachuuzi wa kutembeza hawamo. Inafaa kumwonyesha mweka hazina kwamba duka dogo kama lako ndilo la kawaida Uganda. Washindani wako wa leo usiwatafute humo, imezeeka. Nenda ofisi za divisheni, yaani sehemu za utawala za jiji, uombe kuona orodha ya waliolipia leseni ya biashara mwaka huu, halafu zunguka soko kwa miguu, kwani wengine huuza pumba na mahindi ya kuvunja bila leseni yoyote.

Karani_Mstaafu:
Naongeza. Wateja wako ni wafugaji, kwa hiyo idadi ya watu peke yake haitoshi. Soma sensa ya mifugo ya 2021, inatenganisha kuku wa kienyeji na wa kisasa. Wa kienyeji hujitafutia uani. Wa kisasa ndio watakaomaliza magunia yako. Muluka wenye watu wengi unaweza usiwe na banda hata moja la kuku wa mayai.

Binti_Ayivu:
Asanteni sana. Je, UBOS wanaweza kunipa majina ya wenye mabanda hayo?

Karani_Mstaafu:
Hapana, na wasikupe. Sheria ya UBOS ya 1998 inakataza kutoa habari za mtu mmojammoja. Kwa ahadi hiyo tu ndipo mama asiyenijua alinifungulia mlango wakati wa sensa na kunitajia kila aliyelala humo. Kwa majina, nenda kwa daktari wa mifugo wa divisheni, umweleze unachotaka kuuza na umwombe akutambulishe kwa wafugaji anaowachanjia kuku. Atakayekubali atakupa namba yake mwenyewe.

Binti_Ayivu:
Sawa mzee wangu. Jumatatu naanza na divisheni, leseni na daktari siku moja.